Kinu cha Somoe

"Jirani husikia mlio, hangoji kilio." Mmemsikia Mama Zainabu akisema hivyo mchana, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake, kana kwamba nilizaliwa na kamusi mkononi. Haya, kaeni. Mlio mnaujua: ndege ana mlio, kengele ina mlio, na simu zenu hizo haziachi kulia. Lakini mlio ulioleta methali hii ulikuwa wa kinu, na mambo yalianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha bara huko Lindi aliishi mama aliyeitwa Somoe. Mumewe alikwenda kukata mkonge, mwaka ukapita bila hata salamu. Akabaki na binti yake mdogo, Salha. Mwaka huo nguruwe waliingia shambani kwake siku chache kabla ya mavuno, wakaumaliza mtama wote. Somoe alikuwa mtu wa haya, na ndani ya haya yake mlikuwa na kiburi kidogo. Jirani yake Esha alipompelekea bakuli la unga, alilirudisha.

"Ahsante, dada, kwangu hatujafika huko," alisema.

Baada ya hapo nani angethubutu tena?

Siku hizo kila alasiri vinu vililia kijiji kizima, na nyumba isiyotwanga ilijulikana kuwa haipiki. Somoe aliuonea aibu ukimya wa ua wake. Akashika mchi, akatwanga pumba. Pumba zilipokwisha, akatwanga kinu kitupu. Salha alikaa kizingitini akimtazama, wala hakuuliza tena habari ya chakula. Mtoto akiacha kuuliza chakula, wajukuu zangu, jueni hali imekuwa mbaya.

Esha alikuwa ng'ambo ya ua, akipepeta. Akasikiliza. Kinu chenye mtama hulia kwa uzito, na mtwangaji husita kila baada ya muda ili apepete. Kinu cha Somoe kililia kikavu, mti juu ya mti, na hakikusita hata mara moja. Siku ya kwanza Esha alijiambia kwamba hayamhusu. Siku ya pili alishindwa kumeza tonge. Siku ya tatu alijitwika mtama wake, akachukua na mchi, akaenda.

"Hodi hapa."

"Karibu," Somoe akajibu, akajisogeza mbele ya kinu ili ndani yake pasionekane.

"Dada, kinu changu kimepasuka. Naomba tutwange kwako."

Kwa desturi yao, anayetwanga katika kinu cha mwenzake humwachia mwenye kinu sehemu ya unga. Hiyo haikuitwa sadaka, ilikuwa haki yake. Somoe alielewa mara moja, akamtazama mwenzake usoni.

"Kinu chako nimekisikia asubuhi hii, Esha. Hakijapasuka."

"Na mimi nimekisikia chako," Esha akasema taratibu. "Siku ya tatu leo."

Machozi yalimlenga Somoe, lakini hakuyaachia. Alisogea pembeni tu. Esha akamimina mtama, na michi miwili ikaanza kupokezana. Jioni ile Salha alikula ugali mpaka akasinzia na tonge mkononi.

Kesho yake akaja mwanamke mwingine, eti kinu chake nacho kimepasuka. Keshokutwa wakaja wawili. Wiki haikwisha, kijiji kizima hakikuwa na kinu kizima isipokuwa cha Somoe. Walikuwa waongo wakubwa wanawake wale, Mungu awarehemu. Ndivyo mama na mwanawe walivyovuka mpaka mihogo ilipokomaa, na hakuna aliyewahi kumwita Somoe ombaomba.

Mzee mmoja wa kijiji hakupendezwa. Alimwita Esha akamwambia, "Ungengoja akuombe kwanza. Mtu husaidiwa akilia."

"Yule haombi, mzee wangu," Esha alijibu. "Ningengoja, kilio cha kwanza kutoka nyumba ile kingekuwa cha msiba wa Salha, na sote tungekimbilia huko na unga wetu. Ungemfaa nani? Jirani husikia mlio, hangoji kilio."