Muhanga na Hodi ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Nyie wakubwa wa huko nyuma nimewaona, mmenyamaza kana kwamba hadithi ni ya watoto tu. Paukwa!

Pakawaaa!

Sawasawa. Sogeeni. We mwenye kikohozi, kohoa kabisa umalize, nisije nikakatizwa patamu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana, palikuwa na Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio marefu kama ya punda. Pua ndefu kama ya nguruwe aliyevutwa. Na kucha! Kucha zake zilikuwa majembe. Kazi yake moja tu, kuchimba. Chaku, chaku, chaku! Anachimba nyumba, anakaa siku tatu nne, anaichoka, anahama. Anachimba nyingine. Chaku, chaku, chaku! Bonde zima likajaa nyumba alizoziacha.

Wala hazikukaa tupu. Akihama tu, mtu anaingia. Ngiri aliingia moja, yeye na mkewe na watoto. Nguchiro wakaingia nyingine, ukoo mzima, thelathini kasoro mmoja, wanagombania vyumba tangu mlangoni. Bi Nungunungu, mjane, akapata yenye baraza la ndani, akamshukuru fundi asiyemwona. Muhanga mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa ameshaondoka, na hakuwa mtu wa kugeuka nyuma.

Alichimba alfajiri, kabla watu hawajaamka. Kwa nini? Msiseme mmesikia kwangu, lakini alikuwa na haya. Utotoni walimcheka pua yake, akajificha, na kujificha kukawa ndiyo tabia. Mama yake alipofariki, hakubaki mtu wa kumwita kwa jina. Akawa anazungumza na shimo. Huku anachimba, anaimba:

Chimba, Muhanga, chimba,
udongo juu, udongo chini,
nani atanipokea?

Na shimo linamjibu: "...pokea... pokea... pokea..."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kutwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Mto Chamvuke ukapungua, ukawa uzi, ukakauka kabisa. Likabaki dimbwi moja, tena la maji mazito kama uji ulioungua. Wanyama wakaanza kusema, "Tuhame." Muhanga akakumbuka maneno ya mama yake: "Mwanangu, chini ya mawe mekundu kuna maji yasiyokauka. Bibi yako aliyasikia yakipita." Akasema moyoni, "Nitachimba kisima mpaka niyafikie. Bonde la mama yangu lisihamwe. Na siku hiyo wataniita kwa jina."

Akaanza. Chaku, chaku, chaku! Siku ya kwanza akashuka kimo cha pundamilia. Siku ya pili udongo aliourusha juu ukaporomoka. Poroporoporo, puu! Ukarudi wote chini. Akautoa. Siku ya tatu, poroporoporo, puu! Akautoa tena. Siku ya nne akagonga mwamba. Ngo! Ukucha ukavunjika. Muhanga akakaa chini, analamba kidole. Akatazama juu. Mbingu ilionekana ndogo kama sahani, na hakuna kichwa hata kimoja kilichokuwa kinachungulia.

Mara kikachungulia! Kichwa cha Chiriku. Chiriku huyo, mtu akipiga chafya mwisho wa bonde, yeye mwanzo wa bonde anatangaza msiba.

"Fundi wee! Uko peke yako humo?"

"Niko peke yangu."

"Ndiyo maana! Kazi kubwa kama hii inataka kujuana na watu, fundi. Tena watu wakubwa! Kesho Simba ana karamu. Nenda. Shika mikono, taja jina, eleza kazi yako. Ukishajulikana utawaona wanavyomiminika."

Muhanga akalichukua neno lile kama dawa. Akarudi nyumbani kujitayarisha. Ndiyo kwanza anapangusa masikio, akasikia nje: kwarakwara, kwarakwara.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Nungunungu, na viazi pori viwili. Muhanga akaijua sauti ile, maana haikuwa mara ya kwanza. Akajibana ukutani.

"Hodi!"

Akazuia pumzi.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Na desturi ya bonde lile ilikuwa kama yetu: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, wala hukasiriki. Bi Nungunungu akaviweka viazi kizingitini, akageuka. Kwarakwara, kwarakwara. Mara ya ngapi hiyo? Mimi sikuwepo, lakini majirani wanasema ya saba.

Muhanga ndani akapumua. "Kikongwe cha miiba," akasema. "Atanisaidia nini? Mimi kesho naonana na Simba."

Kesho yake akaenda. Ee, karamu ilikuwa karamu! Nyama huku, majani mabichi huku, na wakubwa wote wamekaa. Muhanga akaanza kushika mikono.

"Mimi ni Muhanga. Nachimba kisima penye mawe mekundu. Natafuta wa kunisaidia."

"Vizuri sana!" akasema Simba, macho yako kwenye nyama. "Tutaonana."

"Kisima? Safi!" akasema Fisi, mdomo umejaa. "Mimi peke yangu nitakuletea watu ishirini."

Nyati akamkazia macho. "Wewe, nguruwe ni nani yako?"

Twiga alimpa mkono bila kuinama, kwa hiyo sijui kama alijua ni mkono wa nani.

Alishika mikono arobaini. Njiani akarudi anayataja majina yao moja moja, asiyasahau. Alipoingia nyumbani, nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyoiacha. Mnaijua hali hiyo? Umetoka kwa watu wengi, umecheka nao, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza umekula. Ukifika kwako unahisi hata ukuta umekusogelea kukuonea huruma.

Akafagia ukingo wa kisima, wageni wapate pa kukaa. Akangoja. Siku ya kwanza, hakuna mtu. Siku ya pili, hakuna mtu. Siku ya tatu akafagia tena, maana majani yalikuwa yameanguka mahali pa Simba.

Siku ya nne akashuka peke yake kwa hasira. Chaku! Chaku! Chaku! Hakuangalia juu, hakuangalia kuta. Poroporoporoporo, PUU!

Vumbi likatulia. Muhanga amefukiwa mpaka shingoni. Mikono ndani, miguu ndani, zile kucha zote ndani.

"Simba!" akaita. "Fisi! Twiga!"

"...twiga... twiga..." likajibu shimo.

Akaita majina yote arobaini. Akayarudia. Jua likapanda mpaka utosini, sauti ikamkauka, naye akanyamaza. Udongo ukawa unateremka taratibu, punje, punje, unamfikia kidevuni.

Kwarakwara, kwarakwara.

Bi Nungunungu! Alikuwa amevikuta viazi vyake kizingitini, vimenyauka, akaingiwa na wasiwasi, akazifuata nyayo. Akachungulia kisimani. Vumbi, giza, haoni kitu.

"Hodi!"

Muhanga akaona haya. Mara saba nzima amemficha uso, leo amwone hivi, pua imejaa udongo? Tena kikongwe yule, si ataanguka humu tukafa wawili? Akanyamaza.

"Hodi!"

Sasa akataka kuitika. Akafungua mdomo. Neno lenyewe halikuja! Lile neno dogo, mlisemalo nyie kila siku bila kufikiri, hakuwa amelisema tangu mama yake alipofariki. Ulimi ulikuwa umesahau njia. Na udongo, punje, punje, ukamgusa mdomo wa chini.

Juu akamsikia Bi Nungunungu akijisemea, "Labda hayupo. Maskini." Akavuta pumzi, akaita ya mwisho.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

Kwara... mguu mmoja umegeuka.

"Ka..." akasema Muhanga. Akatema udongo. "Kari... Karibu! Karibu, mama! Karibu!"

"Ehee!" akaruka Bi Nungunungu. "Kumbe ana sauti! Siku zote nadhani nimejengewa nyumba na bubu!"

"Mama, nimefukiwa."

"Basi usitikisike. Wala usiongee, utakula udongo. Nakuja."

Hakwenda kwa Simba, hakwenda kwa Twiga. Alikwenda shimo kwa shimo. Hodi! Fundi aliyekujengeeni amefukiwa! Hodi! Fundi amefukiwa! Na kila mlango aliobisha uliitika kwa hodi ya kwanza.

Wakaja. Nguchiro ishirini na tisa wakajipanga mstari, udongo ukapita mkono kwa mkono mpaka nje. Bi Nungunungu akakata magogo kwa meno yake, kru, kru, kru, wakazizuia kuta. Ngiri akashuka kwa magoti, akamfukua kwa pembe za mdomoni, polepole, kama anayetoa kiazi asikichubue.

Muhanga alipotoka akawatazama wote. "Nyie ni kina nani?"

"Sisi tunaolala kwako," akasema Ngiri. "Kaka, mke wangu amejifungua mara mbili katika nyumba yako. Nilikuja kukushukuru. Nikapiga hodi tatu, hata mkeo hakuniitikia. Nikasema, fundi huyu ana maringo."

"Sina mke," akasema Muhanga. "Na hayakuwa maringo. Ilikuwa haya."

"Mtu aliye nje ya mlango, kaka, ataijuaje tofauti yake?"

Muhanga akapiga chafya, udongo ukamrukia Ngiri usoni, na nguchiro wote wakacheka. Akangoja ile haya ya utotoni impande. Haikupanda. Akacheka na yeye.

Wakashuka pamoja. Muhanga anachimba, nguchiro wanapokezana udongo, Bi Nungunungu anasimamisha magogo, Ngiri anautia mwamba pembe. Muhanga akaanza wimbo wake bila kujua kama anaimba kwa sauti:

Chimba, Muhanga, chimba,
udongo juu, udongo chini,
nani atanipokea?

"Sisi!" wakaitika nguchiro ishirini na tisa.

Akasita. Jembe la kucha likabaki juu. Akauimba tena, kusudi tu ausikie tena.

"Sisi!"

Siku ya sita mwamba ukasema kwa! Ukapasuka. Na kwenye ufa, chururu, chururu, maji ya mama yake. Baridi, matamu.

Bonde halikuhamwa. Simba akaja kunywa, akampiga Muhanga begani. "Fundi wetu! Si nilikwambia tutaonana?" Muhanga akampisha anywe. Fisi pia alikuja, na wale watu wake ishirini. Wote walikuja na kiu, hakuna aliyekuja na jembe.

Jioni kila mtu akaenda kwake. Muhanga naye akaenda kwake, peke yake kama zamani. Lakini safari hii hakukaa ndani kabisa ukutani. Alikaa karibu na mlango, masikio yake marefu ameyaelekeza nje. Akangoja. Akangoja sana. Akaanza kufikiri labda wamechoka naye.

Kwarakwara, kwarakwara.

"Ho..."

"Karibu!" akasema Muhanga. "Karibu, mama, pita."

Basi, wajukuu zangu na nyie wakubwa wa nyuma, mafunzo ni haya. Anayetaka kufanya jambo kubwa anahitaji watu. Hapo Chiriku hakusema uongo. Ila usiwatafute karamuni huku umewanyamazia waliokuja wenyewe mlangoni. Muitikie anayepiga hodi, hata awe mjane wa miiba mwenye viazi viwili.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Anayetoka aage, na anayebaki anisogezee hilo blanketi.