Ufunguo wa Pili wa Bwana Shebe

Kidawa, msusi wa mikeka, alinunua nyumba kwa Bwana Shebe, tajiri wa mtaa. Shebe alimkabidhi ufunguo mmoja, wa pili akabaki nao. Kila asubuhi aliingia bila hodi, akajinyoosha kwenye kochi la Kidawa na kuagiza chai.

"Badilisha kitasa, dada," majirani walimshauri.

"Cha nini? Kitasa ni kizima. Ila Ijumaa njooni nyote kwenye dua ya nyumba. Mwenye nyumba atachinja."

Ijumaa mtaa mzima ulijaa uani, na shehe mbele. Shebe akaingia kwa ufunguo wake kama kawaida.

"Karibu, mgeni wetu," Kidawa alimwambia.

"Mgeni?" Shebe alifoka. "Nyumba hii nimeijenga mimi!"

"Lakini umeniuzia, bwana."

"Nimekuuzia kuta! Mwenye nyumba ni mwenye ufunguo, na huu hapa!"

Kidawa aliwageukia watu. "Jamani, mmemsikia mwenye nyumba?"

"Tumemsikia!"

"Basi msione haya. Zizi lake liko pale ng'ambo ya barabara."

Shehe alikunja mikono ya kanzu. Kabla Shebe hajavuka barabara, mbuzi wake wawili walikuwa wamekwishachinjwa.

"Chukua ufunguo wako," Shebe alimnong'oneza Kidawa. "Nyumba ni yako. Mimi mgeni tu."

Kidawa aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Ahsante, mgeni wetu. Sasa keti. Mgeni haondoki kwangu bila kuonja nyama."