Kijiko cha Tano

Hapo zamani, na masikio yenu muyatege maana jibu mtalitoa wenyewe, palikuwa na mji wa Kibuni ambao askari wake walikuwa hawashikiki. Wakitumwa kumtafuta kuku, hurudi na barua za mapenzi za watu. Hakimu akachoka, akaweka sheria: askari atafute kilichoandikwa kwenye hati tu, apekue pale tu kinapoweza kuenea, na akiokota kingine, kihesabiwe hakijaonekana.

Siku moja askari Faki akapewa hati ya kumtafuta punda nyumbani kwa Bwana Nyange. Faki alikwenda lakini roho hakuwa nayo. Dada yake Mishi, mpishi wa hakimu, alisingiziwa kuiba pete ya mke wa hakimu, na adhuhuri ile ile angefukuzwa mjini. Hata hivyo akafanya kazi. Akatazama uani, punda hayupo. Akatazama chumbani, hayupo. Akainua chandarua kwa adabu, hayupo.

Mke wa Nyange, Bi Mwatime, akamwonea huruma. "Keti unywe chai, mwanangu. Sukari imo koponi, jitilie."

Faki akatia kijiko cha kwanza. Akatia cha pili. Cha tatu kikagonga kitu kigumu: ko! Akatia cha nne. Cha tano kikatoka na pete ile ya mke wa hakimu.

Mahakamani pete ikawekwa mezani, na watu wote wakatazama dari, maana ilikuwa haijaonekana.

"Mheshimiwa," akasema Nyange, "hati inasema punda. Punda gani anaenea kwenye kopo la sukari?"

"Upekuzi nilikwisha maliza," akasema Faki. "Hati nimeikunja, kofia nimevua. Nilikuwa mgeni nakunywa chai."

"Vijiko vitano? Mgeni hutia viwili, mlafi vitatu. Cha tano ni upekuzi!"

Bi Mwatime akasimama. "Kopo langu, sukari yangu, na nilimwambia ajitilie. Sikumhesabia vijiko. Na wewe mume wangu, huna pengine pa kuficha wizi wako ila kwenye sukari yangu?"

Hakimu akapima huku na huku. Akiitazama pete, kesho kila askari atapiga hodi akidai chai, na hakuna kopo litakalopumzika Kibuni. Asipoitazama, Mishi anaondoka na kifurushi chake kwa wizi wa pete inayong'aa mbele yao. Mishi alimtazama kaka yake tu. Faki akashindwa kumtazama, kwa sababu alijua kijiko cha tatu kilimwambia nini. Mimi nikifika hapa roho huniuma.

Adhuhuri imefika, na mlango wa mji uko wazi. Haya, mlioketi hapa, pete imeonekana au haijaonekana? Na kati ya Bi Mwatime aliyetoa ruhusa, Nyange aliyeshika sheria, na Faki aliyeshika kijiko, nani alistahili kusikilizwa?