Tarishi Hasemi na Njaa

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na ghala.
Lilijaa?
Lilijaa pomoni.
Mtama ukaenda wapi?
Kaulizeni tumbo. Haya, kaeni vizuri, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna kaburi.

Zamani hizo wanyama wa Bonde la Chini walikuwa na matarishi wao, digidigi watupu, wa kupeleka na kuleta habari za nchi nzima. Ti-ti-ti-ti, huyo anakwenda. Ti-ti-ti-ti, huyo amerudi. Ujira wao ulikuwa chakula tu. Kila mavuno kila nyumba ilitoa kikapu cha mtama, kikaingia ghala la matarishi.

Na mila ilikuwa hii: tarishi akifika haonji jani wala maji, wala hatoi ujumbe, mpaka ale mtama wa ghala hadharani. Akisema na njaa, njaa ndiyo iliyosema. Akilishwa na nyumba moja, atasema ya nyumba hiyo. Mila nzuri, kama ghala lina mtama.

Mlinzi wa ghala alikuwa Kiboko. Na mkaguzi wa ghala? Kiboko. Kila mwezi ukiandama alilizunguka, pu! pu! pu!, kisha akatangaza uwanjani, "Nimekagua. Sikumwona mwizi." Wakampigia makofi. Wapumbavu wale, nasema bila kuwaonea haya! Hata mmoja hakusema, jamani, tuingie ndani tuone.

Mwaka mmoja mume wa Bi Digidigi alitoka juu ya mto, mbio za siku mbili, ti-ti-ti-ti, akafika uwanjani anatweta.

"Mtama umekwisha," Kiboko akasema. "Subiri mavuno."

Tarishi akafungua kinywa aseme hivyo hivyo. Wanyama wote, twa!, wakaziba masikio.

"Umekula?"

"Sijala, lakini jamani..."

"Basi nyamaza!"

Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa ghala. Siku ya pili akapiga magoti. Siku ya tatu akalala, asiamke tena. Bi Digidigi na bintiye wakampandisha kilimani kumzika. Walikuwa bado wanafukia kaburi mto ulipokuja, vuuuuu! Watoto wa bondeni wakaenda na maji, wa Ngiri, wa Nyumbu, wa Kanga. Bi Digidigi alisikia mama zao wakilia chini kule, akashindwa kulia wa kwake.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma. Mto ukakauka, Kiboko akabaki na kidimbwi cha tope, mgongo umepasukapasuka. Ndipo mbiu ikalia: zamu ya utarishi ni ya binti wa marehemu.

Bi Digidigi alimtazama mwanawe, akamwona mumewe amelala mlangoni pa ghala. Akaogopa. Kisha akakasirika, na hasira ikaushinda woga.

"Kaa hapa, mwanangu. Zamu hii naikimbia mimi."

Akaenda juu ya mto, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Nyani mzee. "Baba, mume wangu ulimtuma aseme nini?" Nyani akamwambia. Bi Digidigi akashukuru, akaingia kwenye chemchemi ya mwisho iliyobaki huko, akajipaka tope mpaka magotini, akachomeka yungiyungi bichi, ua la majini, sikioni. Akarudi, akasimama palepale aliposimama mumewe.

Kiboko akaliona yungiyungi. Mate yakamtoka.

"Shemeji! Maji yako wapi?"

"Sijala."

"Ni mengi? Nitazama mpaka masikio?"

"Sijala."

Siku ya kwanza alisimama. Kiboko akamnong'oneza, "Njoo nyuma ya ghala nikupe konzi moja, uniambie mimi tu."

"Hapo nitakuwa sijala hadharani."

Siku ya pili akapiga magoti. Siku ya tatu miguu ikamwisha, macho yakaanza kuona giza, naye akawaza, nikifa leo kesho ni mwanangu. Akakaza meno.

"Asife huyu na maji yangu!" Kiboko akanguruma. Akaupiga ukuta wa nyumba yake mwenyewe, ya mwinukoni kando ya ghala, gubu!, ukabomoka, na nyuma yake vikapu, vikapu, vikapu mpaka darini.

Mama Ngiri akakijua chake. Alikisuka akiwa na mimba ya yule aliyechukuliwa na mto. Alikishika tu ukingo.

Bi Digidigi akala mtama, kweche kweche, polepole, wote wakimtazama. Akanywa maji. Akasimama.

"Haya, sema!" Kiboko akahimiza.

"Ujumbe umetoka juu ya mto. 'Maji yanakuja. Mengi sana.'"

"Lini?" Kiboko alikuwa anachekelea. "Yanakuja lini, shemeji?"

"'Ondoeni watoto bondeni,'" akamalizia Bi Digidigi. "Huo ni ujumbe wa marehemu mume wangu. Umechelewa kufika kwa sababu hakula."

Kisha wale mama wakageuka, wote pamoja, wakamtazama Kiboko. Alikimbia siku hiyo, pu-pu-pu-pu, na ngozi ya mgongoni nusu aliiacha kwenye pembe za Mama Nyumbu.

Ghala likajengwa upya katikati ya uwanja, kuta za fito, mtama unaonekana na kila apitaye. Mlinzi akawa Kobe, mkaguzi Kanga, na hao wawili hawapendani hata kidogo. Binti akaikimbia zamu yake, akarudi, akala. Mama yake alikaa karibu akamhesabia kila tonge.

Kiboko naye? Nasikia amepata kazi nchi ya pili. Analinda ghala la chumvi. Na kulikagua.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Tamu yake mkawape jirani, chungu yake niachieni mimi. Na funzo lake, wanangu, lisikieni vizuri: mkiwa na vikapu nyuma ya ukuta, tarishi msimpe chakula kamwe. Akishiba, atasema.