Kilio cha Mwana wa Sultani Mundhiri

Habari iliyosalia midomoni mwa watu wa kale ni kwamba katika mji wa Zahrani, mji wa kuta nyeupe na bustani za komamanga, alitawala Sultani Mundhiri bin Khalfani, na hazina yake haikuwa na kifani na askari wake walijaa mabondeni, na pamoja na hayo yote alikuwa fukara wa jambo moja, maana kila mtoto aliyezaliwa katika jumba lake alishikwa na kilio, na kabla hajajua kutambaa akazikwa. Basi masikio ya Sultani yakazoea kwamba kilio kikianza sanda inafuata, na hofu hiyo ikamkaa moyoni isitoke.

Alipozaliwa Haithamu, mwana wa uzeeni, Sultani alisugua pete aliyorithi kwa mababu zake, na papo hapo akatokea Sarsari, jini aliyefungwa kuitumikia pete hiyo, kichwa chake kikigusa dari na miguu yake ikipotea ndani ya moshi.

"Labeka, bwana wangu. Amuru."

"Nakuamuru mwanangu asilie kamwe!"

"Bwana wangu, fikiri kwanza. Nikishafanya, hata pete haiwezi kutengua."

"Nimefikiri miaka yote niliyokuwa nikizika," akasema Sultani. "Fanya!"

Jini akafanya. Mtoto akaishi, akanenepa, na hakuna aliyemsikia akilia. Yaya wake, Bi Jokha, akamnyonyesha kwa mapenzi, na ulipofika wakati wa kumwachisha ziwa akaomba apewe shubiri ajipake kifuani, kama wafanyavyo wanawake wote, ili mtoto aonje uchungu aache. Sultani akapiga marufuku shubiri isivuke lango la jumba. Ajabu ya wenye enzi! Mtoto akafikia umri wa kwenda chuoni, na kilemba kichwani, na bado ananyonya. Na mwalimu alipomwandikia alifu kwenye ubao akamwambia asome, midomo ya mtoto ilicheza, na sauti haikutoka.

Ndipo Sultani alipofahamu kwamba kilio na maneno hutoka mlango mmoja, na yeye ndiye aliyeuziba. Akaisugua pete tena.

"Amri yako siwezi kuivunja," akasema Sarsari. "Lakini zipo herufi tatu za Kiarabu ambazo hata sisi majini tunaziinamia: sadi, be na re. Niletee maana zake zote, si kwa ulimi bali kwa vitendo, nami nitamrudishia sauti yake."

Akaitwa Kadhi Burhani, bingwa wa lugha, akapiga magoti.

"Maulana, katika herufi hizo limetoka neno subira, nalo unalijua. Katika hizo imetoka shubiri. Limetoka jina la lundo la nafaka lisilopimwa, na la wingu lililosimama angani kana kwamba limefungwa kamba, na habari ya mateka anayefungwa ili auawe."

Sultani akafurahi mno, kwa kuwa hayo yote aliyaona yako mkononi mwake. Akafunga saumu. Akanywa shubiri mpaka machozi yakamtoka. Akamwaga ghala la mtama uwanjani na kusema, "Chukueni, msipime." Akawafungua mateka waliokuwa wakingoja upanga, na akasimama juani kichwa wazi chini ya wingu mpaka wingu lenyewe likaondoka. Kisha akamwita jini, naye jini akatikisa kichwa.

"Umeniletea matawi. Shina liko wapi?"

Sultani akamgeukia Kadhi, na Kadhi akainamisha uso.

"Shina ni kuzuia, Maulana. Mtu aizuie nafsi yake na kile inachokitaka kuliko vyote. Niliogopa kukwambia, maana hilo halitoki ghalani wala halitumwi mtumishi."

"Sikiliza basi," akasema jini. "Kesho asubuhi yaya ajipake shubiri. Nitaifungulia sauti yake, na mtoto atalia. Wewe utasimama nje ya mlango, na hutaufungua mpaka mwenyewe anyamaze. Ukifungua kabla, sauti yake itaondoka, nami sitairudisha tena."

Kulipokucha Bi Jokha akapita na bakuli la shubiri, akasimama mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, nilipoletwa hapa mwanangu mwenyewe alikuwa mchanga. Nilimpaka shubiri kabla ya wakati wake ili maziwa yawe ya wako, nikakaa nyuma ya mlango nikimsikiliza. Nilidhani nitakufa. Sikufa, na yeye hakufa. Yuko kwa mama yangu, anasema mpaka anawachosha watu. Usifungue, bwana wangu. Nakuomba."

"Sitafungua, Bi Jokha."

Akaingia, mlango ukafungwa. Mara kikatoka kilio ambacho jumba lile halikuwahi kukisikia, kwanza chembamba, kisha kikakua, na walinzi wakatokwa na machozi ya furaha. Sultani akashika nguzo kwa mikono miwili. Katika kilio kile alisikia vilio vya wote aliowazika, mmoja baada ya mwingine, naye akauma kilemba chake asipige kelele. Jua likapanda. Kilio kikaanza kupungua, kikawa kwikwi, na kimya kilikuwa karibu. Ndipo mtoto akasema kwa sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe:

"Baba!"

Sultani akafungua mlango.

Akamkuta mwanawe amenyoosha mikono na kinywa kiko wazi, na hakutoki kitu. Bi Jokha alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Haithamu alikua, akakabidhiwa milki na mali isiyo na kifani, na akaozwa binti wa mfalme wa Barzani. Siku ya ndoa, Kadhi alipouliza, bwana arusi alikubali kwa kutikisa kichwa, na sheria ikamruhusu. Watu wakapiga vigelegele. Sultani Mundhiri, mzee sasa, alikaa pembeni akisikiliza lile neno moja analolisikia moyoni kila siku, na mwanawe akamshika mkono kumfariji, wala hakuweza kumwambia lolote.

Basi enyi wazazi, mapenzi yasiyojizuia huua kile yanachokilinda. Sultani alilijua hilo mapema, aliambiwa na jini, na Kadhi, na yaya, na bado alifungua. Nami msimulizi, ningekuwa mlangoni pale, sidhani kama ningefanya vingine.