Kipepeo Juu ya Njegere za Jirani

Ndugu zangu, kule kwenye baridi ya milimani aliishi mama mmoja mfuga ng'ombe. Kando ya nyumba yake alikuwa na shamba la lusini, yale majani ambayo ng'ombe akiyala maziwa yanajaa ndoo. Msimu mmoja viwavi wakaingia. Leo jani lina tundu, kesho limebaki uti tu. Maziwa yakaanza kupungua.

Mama yule hakuwa mtu wa kukunja mikono. Akakaa ukingoni mwa shamba kuwachunguza vipepeo, maana viwavi hutoka kwenye mayai yao. Wote waliotua kwenye lusini yake walikuwa wa njano, wapole, wametulia kama maua. Lakini ng'ambo ya ua, juu ya njegere za jirani yake, waliruka wengine: rangi ya chungwa lililoiva, pembeni weusi kama masizi.

"Nimewajua," akajisemea. Akapaza sauti: "Jirani! Hao wadudu wako wa rangi ya chungwa wananimalizia lusini. Zing'oe hizo njegere!"

"Jamani dada, si ndizo chakula cha wanangu? Na hao wa njano walioko kwako, je?"

"Wangu hawana neno. Zing'oe, la sivyo kesho tunaonana kwa balozi wa nyumba kumi."

Kesho yake, jua lilipopanda, akatoka kutafuta ushahidi wa kupeleka kwa balozi. Akamchagua kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa juu ya njegere, akamkazia macho, akaapa hamwachii. Kipepeo akavuka ua, mama naye mbio. Mguu ukaingia shimoni, akaanguka, akainuka, macho yakiwa palepale kwa kipepeo. Kipepeo akatua kwenye lusini, akafunga mabawa.

Njano!

Mama akasugua macho. Kipepeo akainamisha mkia, akataga yai kwenye jani, akaruka: chungwa. Akatua tena: njano. Haya niambieni nyinyi, vipepeo walikuwa wa aina ngapi?

Akakimbia kwa jirani. Akamkuta ameinama, nusu ya njegere ziko chini, mizizi juu, maua hata hayajanyauka.

"Acha, dada yangu, acha! Ni wale wale! Nimekukosea."

Jirani hakuinua uso. "Umechelewa. Hizi hazirudi ardhini."

Siku ile ile mama yule akashika jembe, akafyeka kipande cha lusini yake mwenyewe, akampa jirani apande upya. Jirani alipanda. Lakini zile zilizong'olewa, ndugu zangu, ziling'oka.

Kipepeo yule akiruka unaona juu ya bawa. Akitua unaona chini yake. Ni mmoja. Sasa tujitazame. Mwenzetu tunamhukumu anaporuka, rangi zake zote ziko nje. Sisi wenyewe tunajipima tukiwa tumetua, mabawa yamefungwa, kwenye viti hivi vya ibada. Nani asiyependeza akiwa amekaa hapa? Na nani kati yetu alishawahi kujifuata mwenyewe kwa macho, kutoka hapa hadi nyumbani, bila kupepesa?

Kama kuna mtu uliyemlazimisha kung'oa kilicho chake kwa kosa ambalo nawe unalo, usisubiri hata chai. Ukitoka mlangoni hapo, nenda mbio. Huenda bado anang'oa tuta la kwanza.