Matanga ya Mzee Kishungi

Paukwa!

Pakawa!

Niwape nisiwape?

Tupe!

Haya, sogeeni. Na anayetafuna karanga atafune taratibu, maana leo nina maneno ya wakubwa hapa, na maneno ya wakubwa husemwa kwa sauti ndogo.

Hapo zamani za kale, enzi hizo wanyama wakisalimiana kwanza ndipo walane, palikuwa na kiwanja kidogo kati ya mbuga na mto. Mbugani alitawala Nyati. Mtoni alitawala Kiboko. Katikati walikaa wasio na pembe wala meno ya maana: panya, kware, na ndege kanga mmoja jina lake Bi Madoa, na mumewe Mzee Kishungi.

Siku moja Nyati na Kiboko wakagombana nani anywe maji kwanza pale kivukoni. Wakapigana. Wakapigana wapi? Si mbugani, majani yangeharibika. Si mtoni, maji yangechafuka. Wakaenda kupigania kwa akina Bi Madoa.

Wakapigana, wakapigana, wakapigana, hata wakachoka. Wakapeana mkono, wakaitana ndugu. Huku nyuma hapakubaki nyumba iliyosimama. Na Mzee Kishungi hakuonekana tena, ila unyoya wake mmoja tu, umelala kwenye alama ya mguu mkubwa.

Mguu wa nani? Nyati alisema wa Kiboko. Kiboko alisema wa Nyati. Fisi yeye hakupigana vita ile. Alikuwa akipita jioni jioni kuufagia uwanja. Alipoulizwa hakujibu; alikuwa anatafuna.

Bi Madoa akabaki na mayai yake, kayalalia peupe, juu mbingu, chini majivu. Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya. Naye alijua jambo moja: yai likinyeshewa likapoa, humo ndani hatoki mtu. Hakutaka kasri. Alitaka paa.

Basi zikaja habari kwamba wakubwa wameona huruma, wanataka kujenga upya.

Wa kwanza akaja Nyati na wapambe wake. "Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni ndani," akasema Bi Madoa, na ndani hapakuwapo.

Kwa desturi ya pale, mgeni haongei kinywa kikavu. Bi Madoa akatoa mtama wake wa mbegu, akautia chunguni. Nyati akala, akajilamba pua.

"Mama, nguzo zipo. Mpingo mtupu, mchwa hawausogelei. Ila mlango utazame mbugani, wapita njia waone nani kajenga."

"Na paa, bwana mkubwa?"

"Paa tutalizungumza kikao kijacho."

Wa pili akaja Kiboko. Akakaribishwa, akala mtama, akacheua.

"Matete ya kuezekea yapo, tele. Ila mlango utazame mtoni. Na ukipokea nguzo za Nyati, matete yangu yanarudi majini."

Wa tatu akaja Fisi. Siku hizo alikuwa ameshakuwa Mwenyekiti wa Amani, anatembea na kifimbo.

"Mimi ni mtu wa kati, Bi Madoa. Simpendelei huyu, simpendelei yule. Kamba za kufungia paa ninazo mimi."

Akaletewa mtama. Akausukuma pembeni kwa adabu.

"Tumbo langu halipatani na nafaka. Hivyo vyeupe ulivyovikalia ni nini?"

Bi Madoa akayafunika kwa mbawa zote mbili. Lakini mgeni ni mgeni. Fisi akameza yai moja, akafumba macho kwa utamu.

"Kamba nitazitoa siku wale wawili watakapoafikiana mlango utazame wapi. Mpaka hapo tutaendelea kukutana. Hapa hapa kwako. Unapokea wageni vizuri sana, mama."

Wakakutana. Wakakutana tena. Wakakutana tena. Kila kikao mtama ulipungua, na kila kikao Fisi alifumba macho. Nguzo haikuletwa hata moja, tete halikuletwa hata moja. Maneno, hayo yaliletwa mengi.

Jirani yake, Bi Panya, aliyetoka vitani na nusu ya mkia, akaja kumpa pole.

"Shoga, wafukuze hawa."

"Nimfukuze mgeni? Nitasemwa mpaka na mchwa!"

"Basi utawapikia nini? Chungu kitupu."

Bi Madoa akatazama chungu. Akatazama jiko, limepoa, majivu tu. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama kanga akisikia mlio majanini.

"Shoga, jiko lisilowashwa huwa la nani?"

"La mfiwa."

"Hivi Kishungi wangu, nilimwekea matanga?"

"Ungemwekeaje, na kwato zile zinapita juu yetu!"

Wakatazamana. Bi Panya akaziba mdomo kwa mikono miwili, cheko lisimtoroke.

Mnaijua desturi. Mfiwa hapiki. Wageni ndio huja na chakula chao, na mikono yao, wakamjengea mfiwa banda uani watu wapate kukaa. Na hakuna aliyewahi kuja kilioni na masharti. Ataanzia wapi kuyasema?

Asubuhi Bi Madoa akajipaka majivu, akaangua kilio hata kware wakaruka. Bi Panya naye akashika njia. Mdomo aliopewa yule, ungewatosha panya watatu!

Akafika mtoni. "Mheshimiwa Kiboko, kuna msiba wa Mzee Kishungi. Nyati yuko njiani na nguzo. Watu wananong'ona: mbona Kiboko haonekani, ana nini moyoni?"

Akafika mbugani. "Mheshimiwa Nyati, kuna msiba. Kiboko yuko njiani na matete. Mimi sisemi kitu, watu ndio wanaosema."

Akafika kwa Fisi. "Kuna msiba." Fisi alikuwa ameshashika kifimbo, na kamba begani.

Wakakutana uani, huyu na nguzo, huyu na matete, huyu na kamba, kila mmoja kashangaa kuwaona wenzake. Nyati akakohoa.

"Sasa hili banda, mlango wake—"

"Ee!" akadakia kware mmoja kizee. "Mlango kwenye banda la matanga? Umeuona wapi, baba?"

Kweli, banda la matanga halina ukuta wala mlango. Nyati akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Nyati. Wakasimamisha nguzo, wakaezeka.

Fisi, akinusanusa, akauliza, "Na maiti iko wapi?"

Bi Madoa akamkazia jicho. "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi, Mwenyekiti?"

Ghafla Fisi akaona kamba zina kazi nyingi. Akafunga paa lile, akafunga, akalifunga tena.

Jioni hiyo hiyo mvua ikafunguka. Bi Madoa akaketi katikati ya banda, mahali pa mfiwa, mayai yaliyobaki chini yake. Nyati akajibana upande wa mbuga, Kiboko upande wa mto, miili imetoka nje nusu, wakazuia upepo kuliko kuta.

"Bi Madoa," akanong'ona Nyati siku zilipopita, "matanga tunaanua lini?"

"Uchungu haujatoka, bwana mkubwa. Lakini sikuzuii. Ila ulimwengu una midomo. Atakayeondoka kwanza, watasema ndiye aliyemkanyaga."

Hakuondoka mtu. Fisi akala mtama aliokuja nao Nyati, tumbo likapatana na nafaka vizuri tu.

Mpaka masika yakapita, jua likatoka, na chini ya Bi Madoa kukasikika, pyo, pyo, pyo. Vifaranga! Ndipo akainuka, akakunja mikeka.

"Asanteni wapendwa. Matanga nimeanua."

"Na banda letu?" akauliza Kiboko.

"Kinachoanuliwa ni mikeka, baba. Paa halimo kwenye desturi."

Wakubwa wakaenda zao. Kila mmoja alitangaza kwake kwamba ni yeye aliyejenga. Na kabla ya kuondoka kila mmoja alimwita Bi Madoa kando, akaomba kifaranga apewe jina lake. Kila mmoja akajibiwa, "Naam, lakini usiwaambie wenzako."

Vifaranga wote wakaitwa Kishungi.

Basi wajukuu zangu, shikeni hili. Akikujia mtu kukujengea alichokivunja, na masharti kayashika mkononi, usibishane naye. Mpeleke mahali ambapo masharti yanaona haya. Na akishakujengea, mpe asante, lakini jina la uliyempoteza usimpe.

Hadithi yangu nimeikunja na mikeka yake. Mwenye kucheka acheke, na aliyevunja nyumba ya mwenzake akalete nguzo.